Umempa Nini?

Swali la kwanza huwa jepesi: anaitwa nani?
"Karani," akajibu Kalunde,
"kwa kuwa hulala juu ya daftari langu la madeni."
Dume, miaka mitatu, manjano ya asali ya miombo,
amefungwa kikapuni, kikapu kimefungwa baiskelini,
kutoka Kanyenye hadi Isevya
na vumbi lote la Agosti.

Mimi ni daktari wa ng'ombe.
Nimezamisha mkono hadi begani kwa mitamba ya Igunga.
Nimechanja mbwa mia mbili kwa siku moja,
wakivutwa kwa kamba za katani na watoto wasiojua hofu,
nikirudia hadi sauti inakauka:
mbwa aliyebadilika tabia, anayetoa udenda,
anayeng'ata hata kuni, msimshike, niiteni.
Lakini paka? Paka haletwi.
Paka akiugua hujibanza nyuma ya marobota ya tumbaku
na watu husema kaondoka kwa heshima zake.

Swali la pili: tangu lini?
"Jana alfajiri. Anachutama mchangani, anatoka, anarudi,
analia kama anayeitwa na mtu asiyemwona.
Jirani kasema huyo katumwa, mmwagie chumvi.
Mama mkwe kasema kafunga choo, mnyweshe mafuta."

Nikamshika tumbo. Hapakuwa na mkono wa mtu humo.
Palikuwa na kibofu, kigumu kama pera bichi,
kimejaa, na mlangoni kwake changarawe
zisizozidi punje za ulezi.

Nilimwambia yeye, na wewe mwenye paka dume nakwambia:
akichutama mara nane asiache tone
usingoje kesho. Kesho si yake.
Dagaa wakavu asubuhi, dagaa wakavu jioni,
na maji kwenye kifuniko cha ndoo, ya juzi:
hapo ndipo vijiwe huzaliwa.
Loweka dagaa. Badili maji.

Mrija mwembamba, mafuta kidogo, dua kidogo.
Mkojo ukatoka mwekundu kama chai ya rangi.
Kalunde akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya kanga,
nami nikajiona daktari.

Kisha nikamfunua mdomo.
Ufizi wa paka mzima ni waridi.
Huu ulikuwa rangi ya tope la bwawa la Igombe
maji yakishapungua.
Uso umevimba. Pumzi fupifupi.

Swali la tatu, nililopaswa kuanza nalo:
umempa nini?

Akatazama kikapu.
"Alikuwa anaumia, daktari.
Nusu ya panadoli tu. Nikaisaga kwenye maziwa,
kama ninavyomsagia Shija."

Mwili wa paka hauna mahali pa kuitupa dawa ile.
Nusu kidonge inayomlaza mtoto
humzamisha paka
katikati ya hewa tele.
Nilikuwa na vitamini C, ampuli nne. Nikampa zote.
Sikusema "umemuua."
Nilisema "hukujua,"
nikasikia linavyoangukia sakafuni,
zito kuliko lile nililolimeza.

Usiku treni ya Kigoma ikapiga honi.
Karani akainua sikio moja.
Saa kumi ikapiga nyingine, ya mizigo.
Hakuinua.

Kalunde hakuuliza bei. Alinilipa kwa noti zilizokunjwa
mara nne, akaomba kikapu chake, akasukuma baiskeli
bila kuipanda.

Wiki mbili baadaye nilipita Kanyenye.
Kwenye mlango wa duka, kwa mkaa,
mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika madeni tu:

ASALI IPO
MKOPO HAKUNA
PAKA SIYO MTOTO USIMPE PANADOLI

Sikuingia. Nilichungulia tu.
Mezani daftari lilikuwa wazi, halina wa kulilalia,
upepo ukilifunua kurasa
upendavyo.